Mbwa mdogo ametoka kuhasiwa: alale wapi, na dalili zipi zinasema umhamishe

Watu wengi humpeleka mbwa kuhasiwa wakiwa wameuliza kila kitu: dawa, mshono, chakula, siku ya kurudi kuonwa. Swali moja tu ndilo husahaulika: jioni akirudi, atalala wapi? Basi ikifika saa tatu usiku, mbwa wa kilo nne anatetemeka juu ya kochi na hakuna anayejua kama ni baridi, ni maumivu au mshono umeachia.

Hapa tunaanza na dalili unayoiona, kisha tunarudi nyuma kutafuta chanzo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kabla hujakilaumu kidonda, kagua mahali alipolala. Kidonda huharibika, ndiyo, lakini mahali unaweza kupabadilisha mwenyewe kwa dakika tano, na namna mbwa atakavyobadilika baada ya kuhamishwa itakuambia mengi. Zipo dalili zisizoruhusu kujaribujaribu hivyo. Nimeziweka karibu na mwisho, chini ya kichwa cha habari "Dalili ambazo mahali hapahusiki". Kama hali inakutia hofu sasa hivi, ruka uende huko kwanza.

Ninaposema "mbwa mdogo" namaanisha umbo, si umri. Ni yule ambaye kochi la kawaida linamzidi kimo, ambaye hupoteza joto upesi kwa kuwa ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na nyama iliyomo ndani, na ambaye ana akiba ndogo ya nguvu mwilini akikaa na njaa.

Mahali pa kuanzia

Chaguo langu la kwanza ni kona ya chumba anacholala mtu, sakafuni, ndani ya kizimba au uzio mdogo. Sababu kubwa ni sikio. Usiku wa kwanza hutakuwa unamwangalia, utakuwa unamsikia: akitapika, akikwaruza koni (ile kola pana ya shingoni inayomzuia kuufikia mshono), akianza kulamba. Mbwa aliyelazwa chumba cha mbali "ili apumzike" anaweza kuung'oa mshono mzima ukiwa umelala fofofo.

Ukubwa wa kizimba ni ule unaomwezesha kusimama, kugeuka akiwa na koni shingoni na kujinyoosha akilala. Usizidi sana hapo. Nafasi ya kukimbia hatua tatu na kuruka tayari ni kubwa mno. Pasipo na kizimba, boksi imara la karatasi lenye upande mmoja uliokatwa chini linatosha kwa usiku ule mmoja ambao bado amelewa dawa. Kesho yake atalitoka kwa kuruka, na hapo halifai tena.

Bafuni ndiko wengi hukimbilia, eti sakafu inasafishika. Ni pabaya: pana baridi, unyevu, na vigae vinavyoteleza. Jikoni pana miguu ya watu na harufu ya chakula, wakati tumbo lake bado halijatulia. Roshani usiifikirie kabisa, maana mbwa anayeyumba huweza kupenya kwenye nafasi ya vyuma ambayo siku zote alikuwa akiikwepa. Banda la nje nalo lina tatizo ambalo watu hulidharau: nzi. Hutaga mayai kwenye kidonda kibichi au manyoya yaliyolowa damu, na funza wakianza kutokea, siku kumi za kupona zinageuka kuwa mwezi wa matibabu. Hata mbwa ambaye maisha yake yote amelala nje, aingie ndani mpaka mshono ufunge.

Anatetemeka

Hii ndiyo dalili ya kwanza ya usiku wa kwanza, na ina angalau vyanzo vinne. Anza na mikono yako. Shika masikio na nyayo. Zikiwa baridi, huenda ni joto la mwili limeshuka. Nusukaputi huvuruga uwezo wa mwili kujipasha, manyoya ya tumboni yamenyolewa, na ngozi imesafishwa kwa dawa zenye majimaji. Mbwa mdogo hutoka humo akiwa amepoa.

Kama una kipimajoto cha njia ya haja kubwa na unajua kukitumia, joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi. Likiwa chini ya 37.5 na halipandi ndani ya nusu saa ya kumpasha, mpigie daktari wa mifugo. Namna ya kumpasha ni hii: mwinue kutoka sakafuni kwa blanketi lililokunjwa mara mbili, ziba upepo wa chini ya mlango, mfunike mgongo na uache pua wazi. Chupa ya maji ya moto ifungwe taulo na iwekwe upande mmoja tu. Kosa ninaloliona likirudiwa ni kumzungushia chupa pande zote. Mbwa aliyelewa dawa hawezi kujisogeza akiungua, na ngozi ya mbwa huungua kabla ya wewe kugundua.

Masikio yakiwa ya joto na bado anatetemeka, jiulize alikula lini. Mbwa mdogo, hasa akiwa bado mtoto, sukari ya damu humshuka upesi baada ya kunyimwa chakula kabla ya upasuaji. Dalili yake ni kutetemeka kunakoambatana na kulegea na kutoitika. Aliyeamka vizuri na anameza sawasawa mpe robo ya mlo wake wa kawaida, chakula kilekile alichozoea. Aliyelegea usimtilie chakula mdomoni: mpake asali kidogo kwenye fizi huku unampigia daktari.

Chanzo cha tatu ni maumivu, nacho tutakutana nacho kwenye kulia. Cha nne ni hofu tu. Akiacha kutetemeka mara unapokaa kando yake na kuzima taa kali, umeshapata jibu.

Analia, na halali

Hapa ndipo pana kazi, kwa sababu kilio kimoja kinaweza kumaanisha mambo matano tofauti. Usianze kwa kumpakata. Kaa sakafuni karibu naye, mwite jina lake kwa sauti ya chini, umtazame kwa dakika moja bila kumgusa.

Akinyamaza, alikuwa anakutafuta. Sogeza kizimba karibu na kitanda chako mpaka mkono wako ukifike, wala usimpandishe kitandani. Najua ushauri huu haufuatwi. Mtu humwonea huruma, humlaza kifuani, kisha usingizi unamchukua, na saa kumi alfajiri mbwa anaruka kwenda kutafuta maji. Kama moyo haukuruhusu kumwacha chini peke yake, shusha godoro lako mlale sakafuni wote wawili. Nimewahi kulala hivyo usiku mbili kwa ajili ya jike wa kilo tatu na nusu. Mgongo uliniuma kuliko ulivyomuuma yeye, lakini mshono ulibaki vilevile.

Akiendelea kulia kwa mdundo uleule, macho wazi, kana kwamba hakuoni wala hakusikii, mara nyingi hiyo ni dawa. Baadhi ya dawa kali za maumivu zinazotolewa wakati wa upasuaji humfanya mbwa awe kama anayeweweseka. Inatisha kutazama, ila huisha yenyewe kadiri saa zinavyopita. Anachohitaji ni mahali penye giza na ukimya. Zima televisheni, toa watoto chumbani, punguza kuingia na kutoka. Kila unapomshtua kwa kumbembeleza, unaanzisha upya.

Akitulia kidogo halafu akalia unapomgusa karibu na tumbo au kinena, au akikataa kulala na kubaki amesimama mgongo umepinda kama upinde, hayo ni maumivu. Angalia kama dozi ya dawa aliyoandikiwa imepitwa. Usizibe pengo kwa dawa za watu. Ibuprofen, diclofenac, aspirini na paracetamol zinaweza kumuua mbwa mdogo au kumharibu tumbo, figo na ini, na katika uzito wa kilo tatu hata kidonge kimoja ni kingi. Piga simu kliniki, uulize.

Kabla hujaamua ni maumivu, mbebe nje akakojoe. Wakati wa upasuaji wengi huwekewa maji kwa mshipa, na kibofu hujaa. Mbwa mwenye adabu ya nyumbani hatakojoa kwenye matandiko yake hata akiwa amelewa. Atalia mpaka mtu amwelewe. Ukimbeba, mkono mmoja upite chini ya kifua na mwingine chini ya matako. Usimwinue kwa kumkamata tumboni.

Cha tano ni koni. Ichunguze akiwa ndani ya kizimba, si akiwa sebuleni. Je, inagonga pande zote akigeuka? Inakwama kwenye nyavu? Ukingo wake unamzuia kulaza kichwa? Basi kizimba ni kidogo au koni ni ndefu. Ipimwe iipite pua kwa sentimita mbili au tatu, isizidi hapo. Taulo lililoviringishwa likiwekwa ukingoni humpa mahali pa kuegemeza shingo, na wengi hulala dakika chache baada ya kulipata.

Anayumba, miguu inateleza na kutawanyika

Kuyumba siku ya kwanza ni kawaida. Kuyumba kunakoongezeka saa ishirini na nne baada ya upasuaji si kawaida, mwite daktari.

Katikati ya hayo mawili, tazama sakafu. Vigae na saruji laini humfanya mbwa aliyechoka afungue miguu ya nyuma kama mkasi, na kwa jike mwenye mshono katikati ya tumbo mvuto huo unaishia palepale kwenye nyuzi. Tandika zulia lisiloteleza au mkeka wa mpira kutoka mlango wa kizimba hadi mahali anapokojolea. Kama njia hiyo ina ngazi, mbebe. Ikiwa baada ya kutandika anatembea vizuri, hukuwa na mgonjwa wa miguu, ulikuwa na sakafu mbaya.

Anahema sana, au anapumua kwa kukoroma

Hapa ushauri wa joto unageuka. Mbwa wa pua fupi, kama Pug, Shih Tzu, Pekingese na French Bulldog, huwa na njia ya hewa nyembamba tangu kuzaliwa, na baada ya nusukaputi nyama laini za kooni hulegea zaidi. Mmoja wao akizamishwa kwenye rundo la mablanketi, koni imebana na pua imegeukia ukuta wa boksi, hali huwa mbaya upesi. Mlaze kifudifudi, kichwa kikiwa juu kidogo, matandiko yawe membamba na hewa iwe inapita. Huyu usimwache bila mtu usiku wa kwanza. Ulimi au fizi zikiwa na rangi ya buluu, usingoje.

Kwa mbwa wa pua ndefu, kuhema mara nyingi ni joto la chumba au maumivu. Toa blanketi moja, sogeza chupa, ngoja robo saa. Asipotulia, rudi kwenye maumivu. Kikohozi kikavu cha siku moja au mbili kisikuogopeshe: kooni ilipita mirija ya hewa.

Mshono umevimba siku ya tatu au ya tano

Usiku wa kwanza watu wako macho. Siku ya tatu mbwa amechangamka, mwenye mbwa amechoka, uzio umefunguliwa "anyooshe miguu kidogo". Ndipo uvimbe unapotokea.

Uvimbe laini wenye majimaji chini ya ngozi, usio na harufu wala joto kali, mara nyingi unatokana na mwendo: ngozi inasuguana na nyama ya chini yake na maji yanajikusanya katikati. Kwa dume, mfuko wa korodani uliobaki mtupu unaweza kuonekana umejaa kwa siku chache, kiasi cha mwenye mbwa kudhani hakuhasiwa. Ila ukijaa haraka, ukawa mgumu au wa zambarau, huenda damu inavuja ndani. Huyo aende kliniki siku hiyohiyo.

Sasa uliza swali la mahali: amekuwa akiruka wapi? Kiti cha kochi huwa na kimo cha sentimita 45 hivi. Bega la Chihuahua halifiki hata 25. Kila anaporuka kwenda chini anatua kwa uzito wake wote, tumbo limejikaza. Hesabu ni mara ngapi kwa siku. Kumwambia "kaa" hakusaidii, ziba njia. Geuza mito ya kochi isimame, funga mlango wa sebule, au umrudishe kizimbani hata kama anakutazama kwa lawama. Daktari auone uvimbe, kwa picha au ana kwa ana, na usiukamue wala kuutoboa.

Ngozi huhitaji siku 10 hadi 14 kufunga, na mahali pa usiku wa kwanza pabaki vilevile muda wote huo. Kinachobadilika ni saa za kutoka: siku mbili za kwanza atoke kukojoa tu, kwa kamba, baadaye matembezi mafupi ya polepole, bado kwa kamba. Hakuna kuoga wala kulala kwenye matandiko yaliyolowa.

Anaulamba mshono ingawa ana koni

Koni ni fupi, au amejifunza kuibonyeza kwenye ukuta mpaka ikunje. Ile ya kitambaa laini hukunjika kirahisi zaidi. Mhamishe kutoka kona ngumu aliyoigeuza kifaa, kisha badilisha koni. Jike anaweza kuvalishwa fulana ya upasuaji, au fulana ya mtoto mchanga iliyofungwa mgongoni, ikabadilishwa ikichafuka. Kwa dume sipendi fulana: hulowa mkojo, na mkojo unakaa palepale karibu na kidonda.

Halafu kuna mlambaji ambaye si yeye. Mbwa mwenzake hulamba kidonda kwa upendo mkubwa na kukiharibu kwa bidii ileile, na koni ya mgonjwa haimzuii. Watenganishwe usiku na wakati wowote usipokuwepo, hata kama wamezoea kulala kifua kwa kifua. Watoto nao: kizimba kiwe mahali ambapo mtoto hafiki bila mtu mzima, kwa sababu mbwa mwenye maumivu huuma hata yule anayempenda.

Hajakojoa, hajanya

Mkojo unatakiwa uonekane ndani ya saa 24. Choo kinaweza kuchelewa siku mbili au tatu, kwani tumbo lilikuwa tupu na dawa kali za maumivu hupunguza mwendo wa utumbo. Kama amezoea majani na wewe umempa gazeti, anaweza kujizuia kwa ukaidi tu. Mbebe hadi kwenye majani yake, msimamishe, geuza uso. Wengine wanaona aibu. Asipokojoa baada ya saa 24 hata hapo, piga simu.

Nyumbani au alale kliniki?

Wengi wa mbwa wadogo wenye afya hurudi siku ileile, na hupona vizuri zaidi wakiwa na harufu ya kwao. Alazwe kliniki kama joto lake halijapanda hadi jioni, kama alivuja damu kuliko ilivyotarajiwa, kama korodani moja ilikuwa imebaki ndani na tumbo likafunguliwa kuitafuta, kama ni wa pua fupi na anapumua kwa shida, au kama nyumbani hakuna mtu atakayekuwepo usiku.

Lakini kabla ya kukubali alazwe, uliza swali moja bila haya: saa nane usiku, nani atakuwa macho humo ndani? Kliniki nyingi hufungwa jioni. Mbwa hubaki kizimbani, taa imezimwa, mpaka asubuhi. Kama jibu ni "hakuna mtu", basi kona ya chumba chako ni hospitali bora kuliko ile.

Dalili ambazo mahali hapahusiki

Hizi usijaribu kuzitibu kwa kuhamisha kizimba. Fizi zilizopauka: bonyeza kwa kidole, rangi irudi kabla ya sekunde mbili, ikichelewa, au fizi zikiwa nyeupe kama karatasi, anaweza kuwa anavuja damu ndani. Mbwa wengine wana fizi nyeusi, hivyo tazama ndani ya kope la chini, na ni vizuri ukalitazama kabla ya siku ya upasuaji ujue rangi yake ya kawaida. Tumbo linalojaa na kuwa gumu. Damu inayodondoka badala ya kuacha alama tu kwenye kitambaa. Mshono uliofunguka ukaona kitu ndani yake. Hapo funika kwa kitambaa safi chenye unyevu na uondoke mara moja. Kutapika tena na tena. Usaha, au harufu mbaya. Joto linalozidi 39.5. Kulegea kunakorudi baada ya kuwa amechangamka. Kukataa kula zaidi ya saa 24.

Kumrudisha mahali pake pa zamani

Nyuzi za juu hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, kama si zile zinazoyeyuka zenyewe. Subiri daktari aguse na kusema ngozi imefunga, ndipo kochi lirudi kuwa lake. Anayelala nje asubiri mpaka hata makovu madogo ya nyuzi yakauke, maana nzi hawahitaji tundu kubwa.

Dume ana kizuizi kimoja zaidi. Mbegu zilizokwisha kutengenezwa hubaki kwenye mirija kwa wiki kadhaa, kwa hiyo asilazwe boma moja na jike aliye kwenye joto (yaani yuko tayari kupandwa) mpaka wiki sita zipite. Na jike aliyehasiwa akiwa kwenye joto bado huwavuta madume kwa siku kadhaa. Mlango wa chumba chake uwe na komeo.